Tutu Amerudi Honaunau

Ijumaa, 7 Machi 2014. Al Twar, Dubai

Viza ya Amerika imetoka! Nimerudi kutoka kanisani (huku tunasali Ijumaa), sir akaniwekea pasipoti mkononi huku anacheka. Hawaii — mimi, mtoto wa Webuye! Tunampeleka Tutu akaone kwao. Tutu ni mamake sir. Kwa lugha yao tutu ni nyanya. Alipopata stroke sir alimleta hapa Dubai, nami nikaajiriwa kumtunza. Mguu wa kushoto hauna nguvu, lakini mdomo ni mzima kabisa. Akiita "Miriama!", ndivyo anavyotamka Mirriam, majirani wote wanasikia.

Nimempigia Lynette, rafiki yangu wa kanisani, soja wa godauni kule Jebel Ali. Amefurahi kuliko mimi. Kisha nikamwambia Tutu anataka sana kuona hekalu la kale la watu wake, liko ufuoni. Akashtuka: "Hekalu la masanamu? Wewe Mirriam, baki kwa gari."

Jumanne, 11 Machi

Kupaki mizigo tu. Tutu ananihimiza: "Wiki wiki!" Zamani nilidhani anahesabu wiki, kumbe kwao ni haraka. Tumecheka mpaka madam, mke wa sir, akaja kuchungulia.

Baadaye madam akaniita jikoni. Je, nitaongeza mkataba? Nimesema ndiyo hata kabla hajamaliza. Viza yangu ya Dubai iko kwa jina la sir, na kazi yangu ni Tutu. Tutu akiwepo, nami nipo.

Alhamisi, 13 Machi. Kona, Hawaii

Alhamisi isiyoisha! Tumetoka Dubai asubuhi, tumeruka, tumebadilisha ndege Los Angeles, tumeruka tena. Tumefika, bado ni Alhamisi ile ile! Hewa inanukia majani mabichi. Nilikuwa nimesahau harufu hiyo. Tutu kafungua dirisha la gari, amekataa kulifunga.

Jumamosi, 15 Machi

Tuko kwa Puanani, binti wa marehemu dadake Tutu. Muuguzi mstaafu, mama mnene mwenye kicheko kikubwa. Alinikumbatia kabla hajajua jina langu. Mezani wakaleta kitu cha zambarau, kizito kama uji. Wote wananitazama. Nikaonja — nduma! Nduma zilizopondwa! Nikawaambia kwetu tunazichemsha tunazinywea chai. Tutu kamaliza bakuli, akaomba tena. Na Dubai huwa namlisha kwa kubembeleza!

Jumatatu, 17 Machi

Honaunau. Hatimaye.

Puanani ndiye alituendesha. Ni ufuoni kabisa: mawe meusi ya volkano, minazi, na ukuta mpana wa mawe yaliyopangwa bila saruji hata kidogo. Ukuta unapoishia kuna hekalu, nyumba ndogo iliyoezekwa majani makavu, imejengwa upya kufuata ile ya zamani. Sanamu za mbao zimelizunguka, ndefu, midomo wazi. Maneno ya Lynette yakanirudia. Nikasema mimi nitabaki kivulini.

Lakini kiti cha magurudumu kilizama mchangani. Sir akachuchumaa, akambeba mama yake mgongoni. Mtu wa suti na tai kila siku! Tutu akanyoosha mkono nyuma: "Miriama." Ningebakije?

Kumbe hakuna anayeingia ndani, watu wanasimama nje. Puanani alinieleza kwamba mifupa ya machifu ilihifadhiwa hapo. Na kwamba mtu akivunja mwiko adhabu ilikuwa kifo, ila akiwahi kukimbia au kuogelea mpaka hapa, kuhani alimtakasa, akarudi kwao na hakuna wa kumgusa. Hata aliyestahili kufa!

Tutu alizungumza kwa lugha yake, polepole, kama mtu anayepiga hodi. Nikamuuliza kama anaziomba sanamu. Akacheka sana. Akasema yeye ni mtu wa kanisa tangu utotoni, anawasalimia wazee wake tu, anawakumbusha yeye ni mtoto wa nani. Nikamfikiria shangazi yangu: hapiti kaburi la babu bila kuliamkia, na Jumapili anakaa kiti cha mbele. Woga ukaniisha palepale.

Tumekaa sana. Kasa alitoka majini akalala karibu nasi kama mwenye shamba. Sijui nisemeje — nilishiba tu, bila kula.

Jumatano, 19 Machi

Tutu amesema harudi Dubai! Kaweka kijiko chini, kasema. Puanani akasema chumba kipo, na yeye nguvu bado anazo.

"Mama, tulishapanga," sir akasema.

"Ulipanga wewe."

Madam hakumtazama Tutu. Alinitazama mimi. Nikiosha vyombo akaja: Tutu anakusikiliza wewe, ongea naye tafadhali. Nimesema nitajaribu. Tutu akibaki huku, kazi yangu khalas, imekwisha. Nyumbani sijawaambia kitu.

Lakini Tutu amelala bila dawa ya usingizi, ile ya kila siku Dubai, jana na leo.

Alhamisi, 20 Machi

Nimejaribu. Nikimchana nywele nikamwambia Dubai bila yeye nitakuwa mpweke. Ni kweli, ingawa si yote. Akanishika mkono. "Una mama?" Ninaye. "Yuko wapi?" Webuye. "Basi unajua."

Nikaendelea kumchana.

Ijumaa, 21 Machi

Ndege ni jioni. Tutu aliomba apitishwe Honaunau, na sir alikubali haraka, akidhani ni kuaga. Puanani akatandika mkeka. Tutu akakaa. Wakati wa kuondoka sir akachuchumaa, akampa mgongo. Tutu hakupanda. Alimpapasa bega tu: "Nenda, mwanangu. Ukinitaka, njia unaijua."

Sir akaenda akasimama majini, na viatu vyake. Madam yuko kule kwenye gari: "Yalla, twendeni! Tutachelewa!"

Sir akanigeukia. "Mirriam, mwambie. Tafadhali."

Wote walinitazama, Tutu pia. Nilikuwa na maneno tayari, nilikesha nayo. Nikafungua mdomo, yakatoka mengine: "Sir, huku analala vizuri. Anakula." Basi. Nikavua viatu nikakaa kando ya Tutu. Moyo umetulia, ajabu.

Naandika hapa hapa mkekani. Sir ametoka majini, suruali imelowa, amekaa upande wa pili wa mama yake. Simu iko mkononi, haiangalii. Tutu anamwonyesha kitu baharini, naye anatazama.

Madam anakuja, viatu mkononi, anazama mchangani. Sijui anakuja kutuita au kukaa.