Binti Yangu Hakukitaka Chuo Chetu

Lizaboni, Songea

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo huko Singida? Goti lako linaendeleaje, na alizeti zimekomaa? Mimi mzima, ila baridi ya huku haina huruma. Nafundisha nimevaa masweta mawili.

Mama, chuo chetu cha wasichana kimepoa. Bweni nililolala mimi enzi zangu, leo wamejaza vitanda vibovu. Unakumbuka ulipokuja kunitazama, ukatukuta uwanjani tunacheza ngoma ya kioda, na wewe ukajifunga kanga ukaingia? Paa likivuja tulipanda wenyewe. Mwenyekiti msichana, fundi wa jenereta msichana. Nikiyakumbuka yale, machozi yananilengalenga. Sasa mkuu wa chuo anasema maombi yasipoongezeka, mwakani tunapokea na wavulana.

Basi juzi nikatumwa sekondari moja huko Mshangano kuwashawishi wasichana wa kidato cha sita. Nilisema weee, mpaka koo likakauka! Nilipouliza kama kuna swali, msichana mmoja wa nyuma akasimama, mpole kabisa. "Shikamoo madamu. Binti yako anasoma kwenu?"

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke.

"Marahaba. Hapana," nikasema. "Yuko Dodoma, chuo cha mchanganyiko. Kwetu alikataa."

Walicheka hao! Akauliza kwa nini, na mimi, sijui nilipatwa na nini, nikawaeleza yote aliyonirushia Doreen tulipogombana. Kwamba geti linafungwa saa kumi na mbili jioni kama vile wanafunzi ni kuku. Kwamba kozi ni zile zile, ualimu na ushonaji, na yeye anataka uhandisi. Kwamba mtaani watamwita sista. Kwamba wanaume atawakuta kazini, sasa kubishana nao atajifunza lini? Na kwamba chuo cha wasichana huchaguliwa na wazazi, si na wasichana. Kila nilipotaja moja, vichwa viliitikia, na walimu wao pia. Nikaaga, nikarudi nyumbani.

Unajua tangu ugomvi ule yeye kanuna na mimi nimenuna. Ukaidi huo tumeutoa kwako sote wawili, usijifanye hujui! Lakini mama, kinachoniuma si chuo peke yake. Pale ndipo mimi, mtoto mwoga wa kijijini, nilipozoea kusimama mbele za watu. Nilitaka na yeye apate hilo.

Nisalimie kaka na wifi, na mwambie mama mdogo vitenge vyake nimeshavipata. Likizo Doreen atakuja kwako, si kwangu. Usimgombeze kwa ajili yangu. Mpikie, ashibe, halafu mwambie mama yake anauliza kitu kimoja tu: huko darasani kwao, akinyoosha mkono, wanampa nafasi aseme?

Mwanao akupendaye,
Veronika