Weusi Ule Haukuwa Uchafu

Mama yangu mpendwa,

Sasa hivi mjukuu wako Faraja ameniibia mfuniko wa sufuria ya chai ya wafanyakazi, ameketi nao kwenye matope ya bomba, kachota mchanga kwa kiganja na kuanza kuusugua. Kasugua mpaka jasho likamtoka puani. Halafu, bila mtu kumwambia, kaugeuza na kuanza upande wa pili. Miaka miwili na nusu, mama. Nikacheka, kisha kicheko kikanikatika, na nitakueleza kwa nini.

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko mlimani? Magoti je, bado yanakusumbua ukipanda kwenda kanisani? Sisi huku miili ni mizima, joto la Ifakara ni lilelile, na chumba chetu cha mtaa wa Viwanja Sitini hakijavuja tena. Baba Faraja bado yuko Mngeta kwenye mashamba ya mpunga, hajui lolote kati ya haya ninayokuandikia. Nimekaa kwenye benchi nyuma ya maabara, mapajani nina karatasi mbili: hii yako, na nyingine wanayotaka niitie saini kabla ya saa kumi. Nina hasira, mama. Ukiona mahali kalamu imetoboa, ujue ndizo hizo.

Unajua kazi yangu ni kufagia na kuosha vyombo vya vioo. Humu maabara kuna kifaa kinaitwa elektrodi ya haidrojeni. Usihangaike na jina. Ni kibati kidogo kama ukucha wa dole gumba, cha madini ya platinamu, kimeshikwa na waya ndani ya bomba la kioo. Wakipima wanakitia kwenye asidi, na gesi inapita chini yake viputo viputo. Vipimo vingine vyote vya maji na udongo vinalinganishwa na hicho. Ni kama lile debe la kijijini Mchombe ambalo madebe mengine ya mpunga hujaribiwa kwalo. Hilo likibonyea, kila gunia la kijiji limepimwa uongo.

Na kibati chenyewe ni cheusi tii. Siku ya kwanza nilipokiona, mkono uliniwasha. Wewe umenilea nikijua kwamba masizi ni aibu ya mwanamke. Mzee Mponda, fundi wa maabara, aliniona ninavyokitazama. Akaniambia, "Binti, weusi huo si uchafu. Ndio unaofanya kazi. Ukiusugua, umeua." Toka siku hiyo akawa ananifundisha kidogo kidogo, akikiita mwali: hakiguswi kwa vidole, hakitolewi nje ovyo, na hakiachwi kikauke hata siku moja. Kila asubuhi, kabla sijashika ufagio, naangalia kama maji yamekifunika, yakipungua naongeza yale yaliyosafishwa kwa mvuke. Mtungi wa gesi ukifunguliwa napaka povu la sabuni kwenye maungio nione kama panavuja, na madirisha nafungua yote, maana gesi ile ikishika moto mchana moto wenyewe huuoni. Mlinzi aliwahi kuja dirishani na sigara yake, nikamfukuza na ufagio, mpaka leo ananiita Askari wa Mwali. Hata Faraja alipokuwa na homa nilimfunga mgongoni nikaja Jumapili kuongeza maji, nikarudi. Hakuna aliyenituma.

Kwa sababu hiyo Mzee Mponda aliandika jina langu niende mafunzo ya msaidizi wa maabara. Nilimkumbusha kuwa nimeishia darasa la saba. Akasema kusoma kwingine nitakuta hukohuko, mikono ninayo tayari. Mama, sikukwambia mapema kwa sababu niliogopa kulisema jambo kabla halijaiva. Lakini nilikuwa nimeshaanza kujiona na koti jeupe.

Alhamisi Mzee Mponda alikwenda Morogoro kufuata mtungi mpya. Jana Ijumaa wakawasha, namba zikawa zinacheza, hazitulii. Msimamizi wa maabara akaitisha watu wote. Nilipoingia nilikikuta kibati kimelazwa mezani juu ya karatasi kavu, kinang'aa kama kijiko cha harusi. Kikavu, mama! Cha kwanza nilichofanya ni kunyoosha mkono nikirudishe majini. Msimamizi akanipiga kofi mkononi, akasema, "Usiguse tena."

Tena. Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo.

Akasema mbele ya watu wote kwamba ni kawaida yetu sisi, tukiona cheusi tunasugua, na kwamba hanilaumu sana kwa sababu sikusoma. Wengine wakacheka. Mmoja akauliza kama nilitumia majivu au stilwaya ya masufuria, wakacheka tena. Nilisema sikufanya. Nilisema mara tatu. Doreen, binti wa chuo aliye hapa kwa mafunzo ya vitendo, ndiye aliyebaki peke yake Alhamisi mchana. Yeye hakucheka, alikuwa anatazama kucha zake. Sikumwona kwa macho akisugua, kwa hiyo simtaji kwa mtu ila kwako.

Ndipo ikaja hii karatasi. Imeandikwa kwa mashine, inasema mimi nilisugua elektrodi kwa kutojua, naomba radhi. Msimamizi alinivuta pembeni akanong'ona kama mtu anayenifanyia wema: "Kiri tu yaishe. Jina la mafunzo tutalitoa kimya kimya, kufagia utaendelea." Nisipotia saini, nitafute kwingine. Yaani anataka niandike kwa mkono wangu kwamba sijui, kitu pekee ninachokijua humu ndani kuliko wote waliocheka!

Sasa rudi kwa Faraja na mfuniko wake. Jana, msimamizi aliponipiga mkono, kibati kilipinduka. Mgongo wake ulikuwa bado mweusi tii. Nilikiona, lakini kwa hasira sikuelewa ninachokiona. Leo mtoto alipogeuza mfuniko ndipo nikaelewa. Aliyesugua alishika kioo kwa mkono mmoja, akasugua upande unaomtazama, ukang'aa, akaridhika. Hiyo ni kazi ya mtu ambaye hajawahi kurudishwa mtoni na sufuria. Unakumbuka nikiwa darasa la tatu ulivyonirudisha mara mbili siku moja? Ulisema mgeni haangalii ndani ya sufuria, anaangalia mgongo. Nililia njia nzima na kukuchukia. Leo nakushukuru, nawe usinicheke.

Kama ningekuwa mjinga kweli, mama, ningekuwa mjinga wa pande zote mbili.

Mzee Mponda amerudi asubuhi hii. Hajaongea nami, kapita tu na mkoba wake, kaingia moja kwa moja kwa msimamizi na wenzake. Naye nimemkasirikia kidogo, angenisalimia basi. Lakini nasikia sauti yake humo ndani, na haicheki.

Salamu natoa mapema kabla hawajaniita. Babu mpe mkono, mwambie tumbaku yake inakuja na konda wa basi la Mahenge pamoja na barua hii na kifuko cha mchele mpya. Shangazi aliyenifunda mwambie mafundisho yake bado nayatumia, hasa lile la kunyamaza, ingawa leo naliweka kando. Mama kiongozi wa jumuiya atutaje kwenye sala. Na wewe mdogo wangu unayemsomea mama, soma polepole, usiruke penye hasira.

Ni mimi mwanao Editha, mama Faraja.

Bado wanazungumza, kwa hiyo naongeza kidogo. Moyo wangu haujakata tamaa. Mzee Mponda aliwahi kuniambia weusi ule unaweza kurudishwa, kibati kikaoshwa vizuri na kupakwa upya, kikapima kama zamani. Naomba niwe mimi wa kukishika siku hiyo. Na nikienda mafunzo, nitapita kwanza nyumbani, umwone Faraja anavyo

Naitwa. Mzee Mponda yuko mlangoni, anasema, "Mama Faraja, ingia useme mwenyewe." Karatasi yao haina saini. Faraja amekataa kuuachia mfuniko, basi tunaingia nao, na cha kwanza nitawaambia wakigeuze kile kibati, kwa sababu tangu nizaliwe mimi sijawahi kuacha mgongo wa