Furushi la Nyuma ya Mlango

Mama,

Maharage yako jikoni, chumvi nimeshatia. Kuku hawajafunguliwa. Nimewahi lori la Arua, mtihani ni kesho.

Kuhusu asubuhi. Lori la tumbaku lilipasuka tairi, ukapiga kelele, "Amkeni, askari iko njiani!" Ukatoka mbio na lile furushi ulilorudi nalo kutoka ukimbizini Zaire, mimi nyuma yako bila viatu. Mama Nestor akauliza, "Mama Santina, unaenda wapi na blanketi?" Ukamjibu, "Soko." Basi ikabidi tununue nyanya. Zimepondeka ndani ya blanketi.

Kwa heshima zote, mwalimu wetu ametufundisha tofauti ya msongo wa mawazo na wasiwasi. Mtihani wangu ni msongo: kesho jioni utaisha. Vita viliisha zamani na furushi bado limefungwa nyuma ya mlango: huo ni wasiwasi. Mgonjwa anashauriwa alifungue.

~~Nimekusaidia. Vitu vyote viko kabatini.~~

Nimelifunga upya. Blanketi liko kwenye kamba, likikauka lirudishe. Ndani nimeongeza sweta yangu. Mkikimbia nikiwa shuleni, nibebeeni.

Kifungua mimba wako, asiye na wasiwasi wowote,
Santina