Ubao Wako wa Mapajani

Mama,

Hatujambo. Baba anakula akiwekewa chakula, asipowekewa haulizi. Anakwenda shamba la kijiji na wenzake, anarudi, ananawa, anakaa. Shule nimemaliza. Walisoma majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari, langu halikuwemo. Watu walinitazama wakidhani nitalia. Sikulia. Sijalia tangu tulipokuzika, sijui kwa nini.

Nakuandikia kuhusu ubao wako, ule aliokuchongea Baba mgongo ulipoanza kukusumbua. Ulikuwa unanyoosha miguu kwenye nyasi zilizotandikwa ndani, unauweka mapajani, na kazi zinakufuata hapo hapo: kuchambua kahawa, kushona viraka, kunyonyoa mabawa ya senene. Kola ya sare yangu uliipigia pasi hapo, ukanifukuza, "Usinisukume, yatakayoungua ni mapaja yangu!" Kwenye kisomo cha watu wazima wenzako waliinama kuandikia chini, wewe ulikuwa na dawati lako. Ma Stela akakutania, "Mwoneni karani!" Nami nilifanyia hesabu zangu juu yake, daftari likanuka kahawa mpaka mwalimu akauliza.

Siku ya kugawana vitu vyako wazee waliniuliza ninataka nini. Nilitazama miguu yangu. Wakanipa kitenge chako cha Jumapili. Ubao akauchukua Shangazi Kokugonza, akaenda nao kwake Kishanda. Hakumnyang'anya mtu. Mimi ndiye niliyenyamaza.

Juzi nilikwenda kuuomba. Nikakuta ameufunikia mtungi wa maji. Nilikaa asubuhi nzima, maneno hayatoki. Shangazi akasema, "Wewe Adventina, umekuja kutusalimia au kutuchunga?" Akaniletea kikapu cha kahawa, akaniwekea ubao mapajani. Ulikuwa mzito, umelowa upande mmoja. Nilidhani nikiugusa nitahisi kitu. Sikuhisi. Nilichambua tu, mbovu huku, nzuri huku, mpaka kikapu kikaisha. Ndipo nikasema, "Shangazi, naomba ubao huu. Nimekuletea kitenge cha Mama."

"Kumbe ni ubao!" Alicheka mpaka akakohoa. "Mimi nilidhani una mimba, unaogopa kusema. Chukua, mwanangu. Mtungi nitaufunika kwa sinia."

Kitenge hakukikataa. Alikifunga pale pale, akachukua kisu, akaelekea mgombani kukata ndizi za mchana. Na kwa nyuma, Mama, alikuwa wewe. Nilimwita. Sikuita Shangazi. Niliita Mama.

Aligeuka. Aliponiona nilivyo aliweka kisu chini, akarudi, akakaa kando yangu kwenye nyasi. Hakutania tena. Nililia mpaka ndizi zikachelewa, na hakuna aliyeniuliza habari za chakula.

Kitenge nimemwachia. Ubao ninao, ndio ninaoandikia juu yake sasa. Baba ameuona nilipoingia nao. Aliupitishia kiganja mara moja, akatoka nje, akakaa huko mpaka giza. Sikumfuata.

Pumzika, Mama, mgongo usikuume tena. Nakuahidi kitu kimoja: kesho akirudi kutoka shambani nitakaa karibu naye na kumwambia kwamba nimelia. Huenda naye anangoja mtu aanze.

Mwanao,
Adventina