Mkaguzi Hakuingia Darasani

Nyumba Na. 3,
Nyumba za Walimu,
Nyuma ya Shule.
Jumatano, 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Natumaini dawa ya kuchua imesaidia na wajukuu hawakupandishi ngazi ovyo. Sisi wazima, ila mimi nina hasira.

Mkaguzi alikuja Jumatatu. Akaketi ofisini kwa Mwalimu Mkuu, akafungua daftari langu la maandalio, akakuta wiki mbili sijazijaza. Basi! Fomu yangu ikaandikwa: "Mwalimu hana uwezo wa kufundisha kusoma." Darasani hakutia mguu, Shangazi. Hata dirishani hakuchungulia.

Angechungulia angeona watoto tisini na wanne, vitabu kumi na kimoja, na ubao uliochubuka usioshika chaki. Wiki hizo mbili mwalimu wa darasa la pili alikuwa amelazwa, wakanirundikia na watoto wake. Sauti ilinikauka. Ningejaza daftari saa ngapi? Na yule tunayemwita Wino, anayeandika maandalio ya muhula mzima kwa siku moja kisha anasinzia ofisini, kapewa "Bora sana." Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mwandiko anao.

Nikiitia sahihi fomu hiyo, mwakani nanyang'anywa darasa la kwanza, darasa ulilofundisha wewe miaka ishirini, napewa funguo za stoo. Mwalimu Mkuu ananibembeleza, "Tia tu, mwalimu, yaishe." Yaishe kwa nani?

Jana niliiacha fomu mezani darasani. Unamkumbuka yule binti niliyekusimulia, Kimya, aliyekuwa akishika kitabu kichwa chini Januari? Aliichukua, akaisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari: "Mwalimu hana uwezo wa kufundisha kusoma." Hakukwama hata neno moja. Wenzake wakampigia makofi, kama nilivyowazoesha. Nami nikapiga, machozi yakinitoka.

Sijatia sahihi, na sitii. Kwenye nafasi ya maoni ya mwalimu nimeandika: "Maneno haya yamesomwa bila kukwama na mtoto wa darasa la kwanza." Ijumaa naipeleka kwa mkaguzi kwa mkono wangu.

Nisalimie Binamu, mkewe na wale watundu wake. Mama anakusalimu sana. Mungu akunyooshee goti, nami aninyooshee ulimi siku hiyo.

Wako akupendaye,
Mwalimu wa darasa la kwanza, mpaka sasa.