Mtihani wa Marudio

Rudewa, Kilosa

Baba,

Shikamoo. Leo marahaba nitajiitikia mwenyewe. Nimekaa barazani kwenye kigoda chako, mama amejilaza ndani kwa uchovu. Wageni wa mwisho wameondoka asubuhi kurudi Tindiga.

Watani wako walikufanyia vituko msibani, Baba. Mzee Chambo alivaa kofia yako, akatembea kwa kuvuta mguu kama wewe, akalizuia jeneza pale uani: "Msinizike kwanza! Binti yangu hajamaliza Chuo Kikuu, nani atanihesabia mavuno?" Watu wakacheka, hata mama akacheka huku machozi yanamtoka. Mimi nilikimbilia nyuma ya jiko. Mzee wa watu hakujua kwamba nimefeli. Mlijua wewe na mama tu.

Siku nilipokuambia nilidhani utafoka. Nilikueleza kuwa somo lenyewe la uhasibu ni la utangulizi, ndiyo kwanza tunaanza, na mimi mwanzo tu umenishinda. Mwalimu anaongea Kiingereza cha puani, ubao unajaa debiti na krediti, kila shilingi inaandikwa pande mbili, wenzangu waliosoma biashara sekondari wanaitikia kwa vichwa kuwa wameelewa, nami nanakili tu. Kwenye mtihani pande zangu mbili zilikataa kulingana. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka. Ukaniuliza, "Sasa kitu kimoja mnakiandika mara mbili kwa nini? Hamwaminiani?" Nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu matokeo yatoke. Kisha ukasema, "Hata trekta la kijiji huzimika. Tunashuka, tunasukuma." Wiki iliyofuata homa ikakulaza, na hukuinuka tena.

Jana katibu wa kijiji alikuja kutoa pole. Akasema duka letu la ushirika linahitaji mtu wa kuandika mahesabu, na msomi wao ni mimi. Mama naye akasema, "Kaa, mwanangu. Nani atamlaumu mfiwa?" Mtihani wa marudio ni Jumatatu.

Baba, nilifurahi. Nakuambia wewe kwa sababu siwezi kumwambia mtu mwingine. Niliona nimepata njia ya kutoka bila aibu. Kila mtu angesema, maskini, alifiwa na baba yake, ndiyo maana akaacha masomo. Hakuna ambaye angeuliza habari za ile karatasi. Halafu nikajisikia vibaya, nikashindwa hata kuingia chumbani kwako kukunja nguo zako. Yaani wewe ufe, mimi nipate nafuu? Nililia kuliko siku ya mazishi.

Sijui kama nitafaulu. Nimeshinda na madaftari tangu alfajiri na bado pande hazilingani. Ule ukumbi wa mtihani nauogopa, Baba. Lakini kesho napanda treni pale Kilosa. Mama nimeshamwambia. Alinuna kwanza, sasa namsikia anaamka kunikaangia karanga za njiani.

Pumzika, Baba, Mungu akulaze mahali pema. Nami nakuahidi jambo moja. Nikifeli tena, watu wakaniuliza kulikoni, nitawaambia hesabu zimenishinda. Sitasema nilifiwa.

Binti yako,
Zaina