Nani Kapuliza Kimashine?

Sumathi shoga, uko? Nimelazwa. Usilie, soma kwanza.

Unakijua kile kimashine ninachopuliza kila asubuhi tangu niwekewe mapafu mapya. Namba zinakwenda zenyewe hospitali. Zikishuka, huenda mwili umeanza kuyakataa, hata kama mimi sihisi kitu.

Basi jana zikashuka. Mama mkwe kaniambia, "Funga mdomo mpaka posa ya binti yangu Nandhini ipite. Bibi harusi kuwa na wifi mgonjwa ni mkosi."

Leo wakwe wa Nandhini wameshakaa, sinia za nazi na maua ziko mbele yao, simu ikalia. Sista Jeyanthi wa hospitali. Nikaweka spika makusudi.

"Jana ulishuka nikataka kukuita. Leo umepuliza kuliko siku zote! Hainiingii akilini. Nani kapuliza?"

Nani kapuliza!! Shoga, mimi leo hata sijakigusa!

Namtazama mama mkwe, macho yamemtoka. Kapuliza YEYE, mimi nikiwa naoga! YEYE!

Ananitikisia kichwa nisiseme. Nikasema kwa sauti, wakwe wote wasikie: "Ni mama, sista. Anaogopa mkosi."

Mume wangu kabeba begi langu twende hospitali, bila hata kumtazama mama yake usoni.

Daktari anasema kweli mwili umeanza kuyakataa, ila tumewahi. Dawa inaingia mshipani sasa hivi.

Na mama mkwe huyo kaja na idli, vile vikeki vyake vya mchele, analia mlangoni. Muuguzi kaniuliza, "Aingie?"

Nikamwambia, mwenye mapafu mazuri akae nje.